Karatasi za Stuttgart

Ndugu msomaji, usishangae ukisikia kwamba mie, kijana wa Kiswahili, nimekesha siku kadhaa nikisoma habari za divisheni moja ya Kaisari wa Wajerumani. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Hivi hao wanakuhusu nini, bwana?" Swali zuri. Hebu nilijibu.

Divisheni yenyewe ni ile ya 26 ya Akiba. Iliundwa Agosti 1914, vita vilipofumka, katika ufalme mdogo wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, ambao mji wake mkuu ulikuwa Stuttgart. Wengi wake walikuwa watu wa akiba, yaani walikwisha kulitumikia jeshi wakarudi makwao kulima na kufanya kazi zao. Hata jenerali wao, Franz von Soden, alikuwa mzee aliyekwisha staafu, akaitwa tena.

Mwaka huohuo wakahamishiwa kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mto Somme, wakakaa hapo hadi 1916. Karibu miaka miwili mahali pamoja! Wakachimba. Chini ya vijiji vya Thiepval, Beaumont-Hamel na Ovillers walitoboa mwamba wa chokaa, wakatengeneza vyumba vyenye ngazi na vitanda, vingine mita kadhaa ndani ya ardhi.

Juni 24, 1916, mizinga ya Waingereza ikaanza. Kwa siku saba yakamwagwa makombora kama milioni moja na nusu kwenye mstari mzima. Julai 1, saa moja na nusu asubuhi, Waingereza wakatoka kwenye mahandaki yao wakidhani mbele hakuna aliyesalia. Lo! Watu wa Württemberg wakapanda ngazi zao na bombomu mabegani. Mbele ya Beaumont-Hamel, kikosi cha Newfoundland kilikwenda na watu kama 800. Yalipoitwa majina baadaye, walioitikia walikuwa 68. Katika uwanja mzima, siku ile moja, Waingereza walipata hasara ya watu 57,470, na kati yao 19,240 walikufa.

Siwasifu hao Wajerumani. Nchi ile haikuwa yao, na vijiji vya Wafaransa viligeuka vumbi. Nao zamu yao ikafika: Septemba 26 mwaka uleule Waingereza waliingia Thiepval, juu ya maiti za pande zote mbili.

Sasa basi, haya yote tunayajua vipi? Hapo ndipo nilipokaa macho. Württemberg ilikuwa na wizara yake ya vita, na karatasi zake zilihifadhiwa Stuttgart: amri, taarifa, orodha za watu. Jeshi kubwa la Prussia liliweka zake Potsdam, na ndege za Uingereza zilipoupiga mji huo usiku wa Aprili 14, 1945, nyingi ziliteketea. Ndiyo maana leo mtafiti anayetaka kujua Mjerumani wa kawaida aliishije kwenye Somme huenda Stuttgart. Mkulima wa ufalme mdogo anasikika kuliko mwenzake wa Prussia, na hakumzidi ushujaa. Amemzidi makaratasi tu.

Nikakumbuka kwetu. Septemba ileile ya 1916, tarehe 4, Waingereza waliingia Dar es Salaam kuwafukuza watu wa Kaisari yuleyule. Huku kwetu farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, na barabara za magari zilikuwa chache, hivyo pande zote mbili zilipanda juu ya mabega ya wapagazi. Walibeba chakula, risasi, hata vipande vya mizinga, wakafa kwa kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi chao.

Katika ukoo wetu yuko mmoja aliyechukuliwa. Tunalijua jina lake moja tu, na kwamba hakurudi. Alibeba nini, alianguka wapi, nani alimfukia, hakuna ajuaye.

Na pale Thiepval? Mwaka 1932 lilifunguliwa jengo refu la matofali lenye majina zaidi ya 72,000 ya watu wa upande wa Uingereza waliopotea bila kaburi. Jina kwa jina, limechongwa! Tume hiyohiyo iliyolijenga ilitoa ripoti mwaka 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wa kwetu mmoja ni miongoni mwao, nadhani.

Kwa hiyo mwenzangu, jibu langu ni hili: hao wananihusu kwa sababu ya wivu. Nawaonea wivu wa karatasi. Bibi yangu mkubwa bado anakumbuka aliyosimuliwa, na akili yake ni nzima. Juzi nimenunua daftari la kurasa 96, na jina lile moja liko ukurasa wa kwanza. Jumamosi nakwenda kwake nimwulize yaliyobaki. Nawe je? Kwenu alichukuliwa nani, na anayemkumbuka ana umri gani?