Wimbo mfupi si kuuza muziki

Huku Kasongo na Kabambare, ubishi juu ya wimbo mrefu na wimbo mfupi hauishi. Wazee waliolelewa na rumba wanataka wimbo uanze polepole, mwimbaji aeleze shida yake yote, ndipo magita yaingie kwenye sebene. "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, ilipita dakika 10 na hakuna aliyechoka. Vijana wao wanataka dakika tatu tu: wimbo unaotumwa kwa jirani kwa simu kabla chaji haijaisha. Bendi ikitoa wimbo wa namna hiyo, wazee husema imeuza muziki.

Lawama hiyo imesikika mbali pia. Kule Uingereza, wanafunzi wa shule moja waliunda bendi ya Genesis mwaka 1967. Walipiga roki ya kuhadithia, yenye vipande vingi vinavyobadilika mwendo. Wimbo wao "Supper's Ready" wa 1972 unapita dakika 20. Mwaka 1975 mwimbaji wao, Peter Gabriel, aliondoka. Mwaka 1977 akaondoka mpiga gita Steve Hackett. Wakabaki watatu. Mwaka 1978 hao watatu wakatoa "Follow You Follow Me", wimbo wa mapenzi wa dakika kama nne, mwepesi, wa kila mtu. Ukaingia katika nyimbo 10 za juu Uingereza. Wapenzi wa zamani wakanung'unika. Wasikilizaji wapya wakaja kwa wingi.

Habari hiyo inaihusu Maniema kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 1982 Gabriel na wenzake walifanya tamasha la kwanza la WOMAD, la kukutanisha muziki wa mataifa mbalimbali. Likaleta hasara kubwa. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo, Genesis walirudiana naye kwa usiku mmoja pale Milton Keynes, wakapiga nyimbo za zamani ili deni lilipwe. WOMAD ikapona.

Miaka michache baadaye, mlango huohuo ulimfungukia mtoto wa Kindu. Ramadhani Mtoro Ongala, yaani Remmy, alizaliwa mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. WOMAD ikamfikisha Ulaya, na mwaka 1989 kampuni ya Gabriel, Real World, ikatoa albamu yake "Songs for the Poor Man", yaani nyimbo za maskini. Alifariki Desemba 2010, akiwa ameheshimiwa kama mwana wa Tanzania. Hata leo kituo cha basi kule Sinza kinaitwa kwa Remmy.

Remmy alijua kubebesha wimbo wa kucheza mzigo mzito. "Mambo kwa Soksi" ina jina la kuchekesha, lakini ilikuwa inawaonya watu juu ya UKIMWI na kuwahimiza kutumia kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu wakausikia hata hivyo.

Kwa jamaa zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare, jambo hili si la anasa. Shamba lililoachwa na mihogo ndani, mtoto aliyepotea njiani, mwenyeji aliyegawa nyumba yake na wageni: hayo hayaingii katika dakika tatu. Ni kweli. Lakini redio inayotegemea mafuta ya jenereta haina saa nyingi za kutoa, na msikilizaji aliye safarini hana betri nyingi za kununua. Wimbo mfupi unaweza kubeba jambo moja: jina la kijiji, salamu kwa waliobaki, ombi la amani. Jambo moja likisikika vizuri, mtu atauliza mengine.

Kosa linakuja pale wimbo unapofupishwa hata usibaki na neno, ukawa mdundo na majina ya wenye pesa. Hapo wazee wana haki ya kulalamika. Lakini kijana anayefupisha ili afike kwa watu wengi zaidi, huyo hajauza kitu. Anapiga hodi. Na hodi haijawahi kuwa ndefu. Mazungumzo huja baada ya kukaribishwa.

Basi nyimbo ndefu zitunzwe kwa ajili ya matanga na mikesha, ambako watu wanakaa mpaka alfajiri na kila jina linapata zamu yake. Zile fupi zipelekwe redioni.