Leicester: Gari la kijivu lililomponya shemeji

Huku kwetu ukienda kununua gari la mtumba unaanza na rangi. Unafungua boneti, unasikiliza mlio wa injini, fundi wako anatikisa kichwa, dalali anaapa kwa mama yake mzazi. Pale Leicester, Uingereza, viapo havisaidii kitu bwana!

Leicester si mji mgeni kwa Kiswahili. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya mji huo ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasiende huko. Wakaenda hivyo hivyo! Leo ukipita Belgrave Road unakuta maduka ya dhahabu, sari na viungo, na usishtuke mzee mwenye mvi akikuuliza, "Habari za nyumbani?"

Kaka yangu anaishi mji huo na mkewe na watoto wawili. Shemeji anahudumia wazee majumbani mwao, na zamu yake inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumapili mabasi yanachelewa kuanza. Mwajiri akamwambia wazi kwamba mwezi ukiisha hana gari, wale wazee wa mbali anapewa mwingine. Akiba yao yote ilikuwa pauni 2,000, na humo mlikuwemo ada ya mdogo wake anayesoma Morogoro. Hapo hapakuwa na mchezo.

Jumamosi tukaenda yadi moja nje ya mji. Loo! Gari jeusi la Kijerumani, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na dashibodi inasoma maili 74,000. Kaka macho yakamtoka. Muuzaji akasema kuna mteja anakuja saa nane, kwa hiyo tutangulize chochote sasa hivi.

Shemeji hakubishana. Akatoa simu, akaandika namba ya gari. Wenzetu wale, gari likishatimiza miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, ukaguzi wanauita MOT. Majibu yake serikali inayaweka kwenye intaneti, unasoma bure, tena mpaka maili zilizokuwa zimetembea siku hiyo. Basi ikaonekana kwamba miaka miwili nyuma gari lile lilikuwa na maili 118,000!

"Kaka, mbona hili gari linarudi ujana?" shemeji akamuuliza muuzaji kwa upole. Yule bwana akakumbuka ghafla kuwa ana simu ya kupiga. Kaka alinuna ndani ya basi mpaka nyumbani.

Jumatatu tukampata mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, aliyefika Leicester akiwa kijana mwaka ule wa 1972. Anauza Toyota Yaris yake ya kijivu kwa sababu macho yamechoka. Mlango una mkwaruzo, na chini kuna kutu kidogo, maana wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Lakini maili zake zinapanda mwaka hadi mwaka bila kuruka, na ile kutu mzee aliitaja mwenyewe kabla hatujainama.

Alitaka 1,900. Shemeji akasema 1,600. "Dada, hapa si soko la Nakasero!" mzee akacheka. Wakamaliza kwa 1,650.

Sasa sikiliza wewe unayejiandaa kwenda huko. Kadi ya gari ya Uingereza, inayoitwa V5C, inataja anayetunza gari tu, haithibitishi mwenye mali. Dai risiti. Kipande cha kijani cha kadi hiyo unabaki nacho wewe mnunuzi. Kodi ya barabara ya mwenye gari wa kwanza haikuhusu tangu Oktoba 2014, unalipia yako kabla ya kuondoka. Bima nayo ni lazima, na hapo ndipo pauni za shemeji zilizobaki zilipoanza kuyeyuka. Leseni ya Tanzania unaitumia miezi 12 tangu uwe mkazi, baada ya hapo unafanya mtihani wao. Shemeji alishaufanya.

Wale wazee wa mbali hakupewa mtu mwingine, na ada ya Morogoro ililipwa, ingawa kwa mafungu mawili. Kaka bado analisifia lile jeusi. Tumwache, ilimradi Jumapili anapelekwa kanisani na la kijivu.