Majitu Kumi na Mawili Mezani kwa Mama

Agosti iliyopita dada yetu, ambaye makazi yake ni Nottingham huko Uingereza, alikuja Tanga likizo pamoja na mwanawe wa miaka 13. Siku ya pili mama yetu alitupigia simu tukiwa msikitini tukiandika taarifa ya kikao cha kamati, akatutaka tufike upesi. Mjukuu wake, alisema, ameingiza mashetani ndani ya nyumba.

Tulikuta makasha mawili juu ya meza ya chakula, na kando yake majitu ya plastiki, kimo cha kidole gumba, yenye meno yaliyochomoza kama ya ngiri. Dada akatuvuta pembeni. "Zungumza naye wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyesoma dini."

Hotuba tulikuwa nayo tayari. Lakini kijana aliinuka, akatoa shikamoo kwa lafudhi yake ya Kiingereza, kisha akauliza, "Mjomba, nikuonyeshe?" Katika siku mbili hizo hakuwa amemwambia mtu yeyote wa nyumba ile maneno zaidi ya "ndiyo" na "asante". Tukavuta kiti.

Kasha la kwanza lilikuwa la Blood Bowl, mchezo uliobuniwa na Jervis Johnson na kutolewa na kampuni ya Games Workshop, ambayo makao yake ni Nottingham hiyo hiyo. Ulianza mwaka 1986. Ni mzaha juu ya kandanda ya Kimarekani: timu mbili za wachezaji 11 hupambana juu ya ubao wenye miraba 26 kwa 15, kila timu ikiwa na zamu nane katika kila kipindi. Wachezaji wenyewe ni viumbe wa hekaya. Timu ya kijana wetu, iliyotoka mwaka 2020, ina majitu sita yaliyovaa vyuma na vijitu sita vidogo vyenye masikio marefu.

Kasha la pili lilikuwa la Guild Ball, kazi ya kampuni ya Steamforged ya Manchester. Humo timu ni watu sita tu, na kila timu ni chama cha kazi fulani: waashi, wavuvi, wachinjaji. Yake ilikuwa ya wakulima, pamoja na jogoo wao. Uwanja ni futi tatu kwa tatu, hauna miraba, na hatua hupimwa kwa utepe kama afanyavyo fundi cherehani. Mzazi atakayeombwa kununua mchezo huu na ajue kwamba waundaji waliusitisha mwaka 2019. Kijana wetu aliupata kwa mtu aliyekwisha kuutumia.

Kwa kuzigeuza mkononi, tofauti yake huonekana mara moja. Majitu huja vipande vipande katika fremu za plastiki ngumu. Huna budi kuvikata kwa koleo, kupiga tupa, kisha kuviunga. Kazi hiyo ni ya siku mbili, na sura zimerudiwa, maana fremu ni mbili zilizo sawa. Hata hivyo kila msumari wa deraya unaonekana, na meno yana ncha. Wakulima huja wakiwa wamekwisha kuungwa, hivyo mtoto hucheza jioni ile ile. Ila plastiki yao ni laini. Mshono ulioachwa na kalibu hauondoki kwa urahisi, na ukiukwangua unanyanyuka nyuzinyuzi kama ganda la muhogo. Nyuso nazo zimefifia kidogo. Lakini hakuna wawili wanaofanana, na tukikiri kweli, yule jogoo alitupendeza kuliko majitu yote kumi na mawili.

Tukacheza. Katika Blood Bowl, mchezaji wako akianguka zamu yako imekwisha papo hapo, basi kila hatua ni ya kuwaza: ufanye lipi kwanza, ujasiri uuweke mwisho. Guild Ball ni wepesi zaidi, pasi hutiririka, na mwenye jicho la kukadiria umbali hufaidi. Jioni ya tatu tulishinda, tukapiga meza kwa kofi hata mama akatoka jikoni.

Juu ya sura zenyewe mama tulimtuliza. Tulimkumbusha kisa cha Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, aliyekuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomuuliza akajibiwa kwamba Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa, akacheka. Mama akatazama majitu, akasema farasi yule bila shaka alikuwa mzuri zaidi. Hatukubishana naye.

Lakini dadu tulizinyamazia. Michezo yote miwili haiendi bila dadu, na tunajua, kwa kuwa tulisoma, kwamba wanavyuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza hata pasipo kamari, ijapokuwa wapo wa zama hizi walioona vingine. Tulijua tangu jioni ya kwanza. Tulinyamaza kwa sababu kijana alikuwa anazungumza, na kwa sababu nyingine ambayo haina heshima: tulikuwa tunafurahi.

Jioni ya nne tulimwambia. Alisikiliza akizungusha mkononi dadu moja ya Blood Bowl, ile isiyo na nambari bali picha za kuanguka na kusukumwa. "Hata hii?" Tukasema hata hiyo. Akaiweka chini. "Mjomba, ulikuwa unajua tangu siku ya kwanza?"

Tukajibu ndiyo. Aliondoka mezani, na kutwa nzima ya pili yake hakutusemesha. Dada alituambia tumefanya vyema. Hatukuona hivyo, maana lililomuudhi mtoto halikuwa hukumu.

Siku iliyofuata ndiye aliyekuja ofisini, na kikopo cha rangi na brashi mbili. Alisema kupaka hakuna dadu. Wiki mbili zilizobaki tulipaka kila baada ya Alasiri, tukiongea, na hapo ndipo tulipoutambua uzuri wa lile kasha la kwanza: juu ya plastiki ngumu rangi nyembamba hutiririka yenyewe ndani ya mikunjo, hata mkono wetu usiozoea ukaonekana wa fundi. Kwa wakulima ilitubidi kuchora wenyewe vivuli ambavyo kalibu haikuvitoa, na macho ya mmoja tuliyaharibu mara tatu. Kwa mtoto apendaye kukaa na kutengeneza, twaona majitu yanafaa zaidi.

Majitu alirudi nayo Nottingham. Wakulima alituachia katika bati la biskuti la mama, akasema tuwamalize kabla hajaja tena. Watano wako tayari. Jogoo tumempaka mkia tu.