Kabla ya Kemikali, Maji

Nimekulia mlangoni pa mashine ya kusaga mahindi. Unga ulikuwa wa watu, pumba za kuku. Na hata nilipoingia maabara kusomea kemia ya chakula, niliendelea kuziona pumba hivyo hivyo.

Kazi niliyopewa ilikuwa kutoa arabinozailani katika pumba za ngano. Hizi ni nyuzinyuzi za kuta za seli, na zimeshikana na asidi feruliki, ambayo huzuia mafuta yasichache. Nilitumia kostiki soda, kwani niliamini kisichochoma hakifanyi kazi. Nyuzinyuzi nilizipata tele, lakini kila nikizipima, asidi niliyotaka ibaki nazo haimo. Soda ilikuwa imekata kifungo kinachoziunganisha na asidi hiyo. Miezi minane niliharibu kile kile nilichokitafuta.

Kilichonigeuza ni makala ya mwaka 2017 ya watafiti wa chuo kikuu cha KTH, Stockholm. Wao walitumia maji ya moto yaliyo chini ya presha, na asidi ikabaki mahali pake. Maji yakifungiwa ndani ya mtungi imara wa chuma, kwa presha inayozidi mara 6 ile ya hewa ya kawaida, hufika nyuzijoto 160 bila kugeuka mvuke. Katika joto hilo tabia yake hubadilika: hupenya ukuta wa seli na kuyeyusha vitu ambavyo maji ya bomba hayaviwezi.

Nikajaribu. Mara ya kwanza nilipandisha joto kupita kiasi, nikatoa maji ya kahawia yanayonuka sukari iliyoungua. Nikajifunza kushusha joto na kuhesabu dakika. Siku nyuzinyuzi zilipotoka na asidi yake, nilimpigia mama simu.

“Umetumia dawa gani?”

“Maji tu, mama. Ila hayaachiwi yawe mvuke.”

“Na hizi pumba zetu za mahindi, je?”

Swali hilo ndilo ninalolifanyia kazi sasa, maana pumba za mahindi zina asidi feruliki nyingi kuliko za ngano. Miaka yote ile tulikuwa tukiwamwagia kuku.

Nilikuwa mtu wa kuamini ukali. Leo, kabla sijanyoosha mkono kwenye chupa ya kemikali, najiuliza kwanza: maji yameshindwa?