Kunena au Kupita

Briji ni mchezo wa karata unaoanza kwa maneno. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa mezani, wachezaji wanne, wawili wakishirikiana dhidi ya wawili, huingia katika mnada. Kila mmoja kwa zamu yake ama hutamka ahadi ya kula idadi fulani ya mizunguko kwa turufu aitakayo, ama hupita. Hakuna ruhusa ya kusema lingine lolote. Msamiati wote wa mnada una matamko 38 pekee: ahadi 35, kupita, kuipinga ahadi ya wengine, na kumpinga aliyepinga. Kwa lugha finyu kiasi hicho mchezaji hutakiwa kumweleza mwenzi wake karata 13 ambazo mwenzi huyo hazioni.

Mpenzi wa Kiswahili hatakosa kutambua kwamba karata hizo zilikwisha kupata majina pwani karne nyingi kabla ya Mmarekani Harold Vanderbilt kuipa briji kanuni zake za kisasa mwaka 1925. Shupaza, kopa, uru, pau, hata turufu yenyewe, ni maneno tuliyoachiwa na Wareno. Nazo karata za picha huitwa wazungu, jina lisilohitaji sherehe.

Ugumu wa mnada haumkabili mwenye nguvu. Kwa hesabu iliyozoeleka, ree ina nukta 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1; pakiti nzima ina nukta 40. Mwenye nukta 13 hufungua mnada bila kujiuliza mara mbili. Mwenye nukta 3 zilizotapakaa ovyo hupita, na moyo wake hutulia. Anayetaabika ni yule aliye maskini wa nukta lakini tajiri wa umbo.

Mchukulie mwalimu mmoja wa shule ya upili, ameketi mezani jijini Nairobi baada ya kazi, akishirikiana na mzee aliyemzidi umri kwa miaka thelathini. Ameshika shupaza sita zinazoongozwa na malkia, ghulamu na kumi. Pau tano zinazoongozwa na mfalme. Kopa moja ndogo na uru moja ndogo. Nukta zake ni 6 tu. Mpinzani wa kuliani amekwisha kufungua kwa kopa moja, nao wapinzani wamo katika duru ambayo tuzo zao ni kubwa, na adhabu zao pia. Zamu ni ya mwalimu. Anene, au apite?

Akihesabu nukta peke yake, atapita. Lakini nukta hazijui kuhesabu upungufu, na katika mkono huu upungufu ndio mali. Mwenye kopa moja hupoteza mzunguko mmoja wa kopa. Wa pili huukata kwa turufu, na mfalme wa mpinzani, pamoja na fahari yake yote, huanguka mbele ya shupaza nne. Lau yule mzee ana shupaza nne hafifu, ree ya pau na nyingine mbili za aina hiyo, basi wawili hawa wenye nukta 10 kati ya 40 yamkini watakula mizunguko minane kwa turufu ya shupaza. Wakiahidi kumi na kupingwa, watakuwa wamepungukiwa na miwili, na adhabu yake kwao ni alama 300. Wakinyamaza, wapinzani watatimiza kopa nne zao kwa utulivu na kuandikiwa 620. Kushindwa huko ni kushindwa kwa bei nafuu. Mfaransa Jean-René Vernes alifafanua siri hii mwaka 1969: pande zote mbili zikiwa na turufu nyingi, mizunguko huongezeka pande zote mbili, bila kujali sana nukta ziko kwa nani.

Wasomaji wa riwaya huenda wakakumbuka Moonraker ya Ian Fleming, iliyotoka mwaka 1955. Humo James Bond, mwenye nukta 8, anaahidi mizunguko yote 13 kwa turufu ya pau na kuila, ilhali tajiri Drax ameshika nukta 31 zisizomfaa kwa lolote. Ni sura tamu, ila haifai kuwa darasa: Bond alikuwa amezipanga karata hizo mwenyewe kabla ya kuziingiza mezani.

Mwalimu wetu hakupangiwa kitu. Ajiulize kwanza nukta zake zimekaa wapi. Nukta 6 hizo hizo zingekuwa mfalme wa kopa aliye peke yake, malkia wa uru aliye mpweke vivyo hivyo, na ghulamu mmoja kwenye shupaza, umbo lingekuwa lile lile na mkono ungekuwa wa kupita. Mfalme asiye na walinzi huliwa na ree ya kwanza inayotupwa. Katika mkono alionao, wakubwa wote wamo ndani ya aina ndefu, wakifanya kazi pamoja. Kisha ajiulize kuhusu hatari. Ikiwa mzee ana shupaza moja na kopa tano, ahadi ikipingwa wanaweza kupungukiwa na mizunguko minne, nayo ni alama 800. Angekuwa mwalimu ndiye aliye katika duru ya adhabu kubwa, hasara hiyo ingekuwa 1100, na hapo kunyamaza kungekuwa na sauti nzuri zaidi.

Kwa hali ilivyo, anene: shupaza mbili, akiruka ngazi moja. Kwa mapatano ya wengi, mruko huo humwambia mwenzi kwamba shupaza ni ndefu na nguvu ni chache, tena huwanyang'anya wapinzani nafasi ya kuzungumza kwa starehe. Akishasema hivyo, asirudie. Mkono dhaifu una sentensi moja tu. Ya pili huwa ni uongo, kwa sababu mwenzi ataisikia kama nguvu mpya ambayo haipo.

Na hapa ndipo penye uzito kuliko alama 300 au 800. Ahadi ya mwalimu hulipwa kwa karata za mzee. Akikuza mambo Jumatano hii na ile, ipo siku atatamka kwa haki, akiwa na mkono wa kweli, naye mzee atapita akidhani ni yale yale. Hapo yale matamko 38 yatabaki mezani, ila lugha itakuwa imekufa baina ya watu wawili.

Kimya nacho hakina usalama anaoudhania. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sheria za briji zinakubaliana nao kwa namna ya ajabu. Mchezaji akitafakari muda mrefu kisha akapita, amekwisha kumwambia mwenzi wake kwamba ana kitu. Mwenzi haruhusiwi kuutumia ujuzi huo. Anapaswa kucheza kana kwamba hakuona lolote, hata kujinyima uamuzi ambao kusita kule kunamsukumia. Basi anayesita humfunga mikono mtu wa upande wake mwenyewe. Katika mashindano ya Bermuda Bowl ya mwaka 1975 pazia la mbao lilianza kuwekwa katikati ya meza, wenzi wasionane nyuso wakati wa mnada.

Katika meza ya mwalimu huyu hakuna pazia. Mzee ameyainamisha macho kwenye karata zake, kwa makusudi, asije akauona mkono wa mwenzake ukisitasita juu ya kisanduku cha matamko.