Wakija wanastaji, tuwaulize wataondoka lini

Kwetu Uvira, kila mwenye koti jeupe ni dokta. Awe muuguzi, awe mwenye kuuza dawa, awe mwanafunzi aliyefika jana kufanya staji, sisi tunasema tu: "Dokta, karibu." Mwaka 2024 nilifuatana siku kadhaa na mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliyekuwa kwenye staji ya afya ya akili, katika kituo kimoja cha afya cha upande wa kaskazini wa mji. Nilikuwa natafuta ripoti ya dakika tano ya redio. Nilirudi na aibu yangu mwenyewe, na ndiyo sababu naandika leo.

Nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa Kavimvira. Mama mmoja aliyekimbia vita katika Bonde la Ruzizi alikuwa amepokelewa kwa shemeji yake, yeye na watoto wanne. Mkubwa wao, kijana wa miaka 14, alikuwa na kifafa. Mama mwenyewe alisema usingizi ulimkimbia tangu siku waliyotoka kijijini. Yule mwanafunzi aliketi kwenye mkeka, na kabla hajafungua daftari akasema:

"Mama, mimi si dokta. Mimi ni mwanafunzi, bado ninajifunza. Nitakuja hapa kila Jumanne na kila Ijumaa kwa wiki sita. Zikiisha, nitarudi shuleni. Lakini kabla sijaondoka, nitakuletea mtu atakayebaki na wewe."

Mama alimtazama kwa muda, kisha akajibu: "Mwanangu, wewe ni wa kwanza kuniambia kwamba utaondoka. Wengine wanaondoka tu."

Maneno hayo hayakuelekezwa kwangu, lakini yalinipata mimi.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwapo. Asubuhi yake nilikwenda na mikrofoni. Nilimkuta mama amekaa juu ya jiwe, mahali nyumba yake ilipokuwa imesimama jana yake. Nikamuuliza alijisikiaje maji yalipomchukua mtoto. Alisimulia, akalia, akalia mpaka pumzi ikamkatikia. Nikangoja atulie kidogo, nikauliza tena. Nilipopata sauti niliyokuwa naitaka nikamwambia asante, nikapanda pikipiki. Jioni ilipita redioni na wakubwa wangu walinisifu. Kwa yule mama sikurudi, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimekwisha kusahau jina lake.

Katika masomo ya uandishi wa habari tulifundishwa kuuliza, kuhakikisha na kukata sauti. Hatukufundishwa kwamba mtu ukimfungua ni lazima umfunge. Nilikuja kulijifunza hilo kutoka kwa mwanafunzi mdogo kwangu kwa miaka kumi.

Staji nyingine za uuguzi tunazijua. Mwanafunzi anajifunza kuchoma sindano, kuosha kidonda, kupokea mtoto. Akikosea, kosa linaonekana na msimamizi analirekebisha palepale. Staji ya afya ya akili ni tofauti, kwa sababu vyombo vya kazi ni sikio na mdomo. Mwanafunzi anaweza kumfanya mtu aeleze jambo alilolificha miaka mitano, saa ikafika, akafunga daftari akaenda kula. Hakuna damu, na hakuna anayejua kwamba mtu ameachwa wazi.

Hata hivyo, staji hizi tunazihitaji, na tunazihitaji hapa mitaani. Kituo kikubwa cha magonjwa ya akili cha jimbo letu, SOSAME, kiko Bukavu, zaidi ya kilomita 120 kutoka hapa, na barabara yenyewe mnaijua. Wengine wanavuka mpaka kwenda kituo cha Kamenge, Bujumbura, ikiwa wana nauli na mpaka umefunguliwa. Familia isiyo na kitu inabaki na mgonjwa nyumbani. Wapo wanaofungwa kamba, na wapo wanaoachishwa dawa ili wapelekwe kwenye chumba cha maombi. Sikatazi mtu kuomba, hata mimi naomba. Lakini dawa ya kifafa ikikatwa ghafula, mashambulizi yanaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mgonjwa aombewe huku akiendelea kumeza dawa yake.

Kwa sababu ya umbali kama huo, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha wauguzi na madaktari wa vituo vya kawaida kutibu huzuni kubwa, kifafa, kuchanganyikiwa na ulevi, bila kungoja bingwa. Na mtu asiseme kwamba kwetu hilo haliwezekani. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kongo ya mashariki, Kivu Kusini ikiwamo, kwa akina mama waliobakwa. Waliowahudumia walikuwa Wakongomani wasio madaktari, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Katika vijiji vingine akina mama walikutana kwa vikundi kujifunza namna ya kukabiliana na mawazo yanayowatesa. Katika vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baadaye, katika vikundi waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Upande wa pili walikuwa asilimia 42.

Mimi ninachoshika hapo ni neno kusimamiwa. Mwanafunzi asiye na msimamizi ni kama dereva anayejifunza peke yake sokoni.

Na huyo mwanafunzi naye ni mtu. Yule niliyefuatana naye, jamaa zake pia walikuwa wamekimbia kijiji chao. Alijilipia pikipiki ya kwenda na kurudi. Ijumaa moja alitoka katika nyumba ya baba aliyezika watoto wawili, akaenda kukaa nyuma ya kituo, akafunika uso na kitenge. Muuguzi mkuu wa kituo, mama wa makamo, hakumkaripia. Alimletea chai, akaketi naye, akamwambia: "Binti yangu, wewe si gunia. Usibebe yote mpaka nyumbani. Yaweke hapa kwanza, tuyaangalie wawili." Kuanzia siku hiyo alimpunguzia nyumba za kutembelea, na kila ziara ilipoisha walikaa nusu saa kuizungumzia. Hiyo ndiyo staji. Lakini nimeongea na wanafunzi wengine waliopitia vituo vingine, ambao msimamizi wao walimwona siku ya kufika na siku ya kutia sahihi, basi.

Wiki ya sita ilipofika, mwanafunzi wetu alizunguka nyumba zote mara ya mwisho. Hakwenda peke yake. Alifuatana na muuguzi wa kituo na yule mhamasishaji wa afya wa mtaa tunayemwita reko. Kila nyumba alisema: "Huyu ndiye anayebaki." Kwa kila mgonjwa aliacha karatasi yenye jina la dawa, kipimo, tarehe aliyoanza na tarehe ya kurudi kituoni. Siri za mtu hakuziandika, kwa sababu karatasi katika nyumba ya watu wengi inasomwa na wengi. Mama wa Kavimvira aliikunja ile karatasi, akaitia ndani ya kadi ya chanjo ya mtoto wake mdogo.

Februari 2025 vita vilitusogelea. Maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, na wengi mlilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Yule mama alikuwa kati ya waliovuka. Alinipigia baadaye kwa simu ya kuazima. Alisema walipoteza sufuria, nguo na gunia la unga, lakini kadi ya chanjo aliishika kifuani. Kijana wake alianguka mara mbili njiani, maana dawa zilikuwa zimewaishia. Walipompata muuguzi ng'ambo ile, alimfungulia karatasi. Hakuhitaji kueleza kila kitu upya mbele ya watu. Muuguzi alisoma, akajua pa kuanzia, na dawa ikapatikana wiki iliyofuata.

Naomba basi jambo moja kwenu mnaosoma haya, mliobaki mjini na mlio kambini. Mwanastaji akifika kwenu kuzungumza habari za akili na mawazo, mpokeeni, kwa sababu bila kujifunza kwetu hatutapata wauguzi wanaojua kazi hii. Lakini kabla hamjamfungulia moyo, muulizeni maswali matatu, kwa heshima. Nani anakusimamia? Utaondoka lini? Ukiondoka, nani anabaki na mimi? Akiwa amefundishwa vizuri, hatakasirika. Na akikosa jibu, mna haki ya kuzungumza naye habari za usingizi na dawa tu, mengine yakangoja. Mjue pia kwamba mwanafunzi hana ruhusa ya kuwabadilishia dawa peke yake, wala ya kusimulia habari zenu huko nje.

Mimi pia nimebadili kazi yangu. Siku hizi, kabla ya kuwasha mikrofoni, nasema jina langu, nasema sauti itapita siku gani, na nasema kwamba mtu anaweza kukataa. Nikiona machozi, nazima. Na mfukoni natembea na nambari ya muuguzi wa eneo lile. Kuna ripoti nilizozikosa kwa sababu hiyo, na mkuu wangu hakufurahi.

Kwa yule mama wa Mulongwe, kama uko mahali fulani unasoma au unasomewa haya: nilikuuliza mara mbili, nikaondoka. Nisamehe, mama.