Chuo Hupimwa Karakanani

Koplo mmoja wa polisi, fundi wa silaha wa miaka mingi mjini Kampala, alikuwa na fedha za mkopo wa chama cha akiba, wala hakuwa na nyingine. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita, alitaka kusomea ukerezaji wa vyuma, yaani kazi ya kuchonga vipuri vya mashine kwa vipimo kamili. Mama yake alitaka shahada. "Baba watoto," alisema, "nami nimwone mwanangu amevaa joho."

Vyuo havikukosekana. Majirani walitaja Kyambogo, kilichofanywa chuo kikuu mwaka 2003. Nakawa, kilichojengwa kwa msaada wa Japani. Na kile cha Elgon, Mbale. Lakini koplo alijua kwamba jina halikati chuma. Aliazimu kuvizungukia vyuo na binti yake, aone kwa macho.

Kimoja kilikuwa na lango la fahari, na shahada yake ya miaka minne. Karakanani mashine za kukereza zilimetameta. Koplo akainama kutazama chini yake: hapakuwa na hata ukoka mmoja wa chuma kilichokatwa. Akauliza mwanafunzi hushika mashine kwa saa ngapi kila juma. Akajibiwa kwamba ratiba ilikuwa ikitayarishwa.

Kingine kilitoa stashahada tu. Mashine zilikuwa kuukuu na sakafu ilinuka mafuta. Kijana mmoja alitaka kupima mhimili aliotoka kuukereza, mwalimu akamzuia: "Ngoja upoe." Kisha akamweleza binti kwamba chuma cha upana wa milimita 100, kikizidi joto kwa nyuzi 10, hutanuka kwa milimita 0.012 hivi, ndiyo maana vipimo vya kazi hiyo huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20. Tofauti ndogo kama hiyo yaweza kuifanya beringi ilegee, au ibane hata iungue. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la vipuri alivyochonga, na saini ya mwalimu kando ya kila kipimo.

Koplo hakusema neno. Alikumbuka bunduki iliyomkwama askari mikononi kwa sababu ya kipuri kilichochongwa kwa kukadiria.

Usiku ule mama aliuliza, "Na joho je?"

"Mama, stashahada ni ngazi," alijibu binti. "Mwenye nayo aweza kuomba kusomea shahada. Nami nitapanda nikiwa na kazi mkononi."

Mama alinyamaza kitambo. Hatimaye akafungua pindo la leso, akatoa fedha alizoziweka kwa ajili ya sherehe, akasema zikanunue maikromita.

Mzazi anayemtafutia mwanawe chuo cha ufundi na asiishie ofisini. Na aingie karakanani, ahesabu wanafunzi wa kila mashine, aombe kuona kazi ya mikono yao, kisha ndipo afungue mkoba.